Wanachezwa Kampala na Ulaya, Lokandu bado: redio ya mtaa inaweza kufanya nini kwa watayarishaji wetu wa muziki?

Ukisikiliza muziki unaopigwa kwenye bandari ya Lokandu, kwenye vituo vya moto vya Kindu, ama ndani ya baleniere zinazoshuka kuelekea Ubundu, utasikia rumba, nyimbo za Mungu, bongo flava ya Tanzania, na mara kwa mara Innoss'B, mtoto wa Goma. Ni muziki mzuri, hakuna wa kuukataa. Lakini kuko Wakongomani wengine, nao kutoka upande wetu wa mashariki, ambao ni shida kuwasikia hapa. Hao wanatengeneza muziki na ordinatere: ngoma, sauti za mashine, sauti za watu zilizokatwa na kuunganishwa tena. Sahani zao zinanunuliwa Ulaya. Hapa kwetu, hata majina yao hayajafika.

Kuna njia moja rahisi ambayo redio ndogo inaweza kutumia: kuchagua kazi za mtayarishaji mmoja asiyejulikana, kuzipanga kwa utaratibu, kuziunganisha kuwa miksi ya saa moja, na kuieleza kwa Kiswahili. Makala hii inachambua kwa nini kazi hiyo ina maana, inaomba nini, na ni nani anapoteza kama haifanyiki.

Mtu mmoja kama mfano

Tuanze na Rey Sapienz. Ni mtayarishaji na mwimbaji Mkongomani, kutoka mashariki ya inchi. Karibu mwaka 2012 alienda Kampala kwa kazi ya muziki. Vita ikawaka tena nyumbani, akashindwa kurudi. Wengi wanaosoma hapa wanajua hadithi ya namna hiyo: mtu anatoka na begi ya wiki mbili, miaka inapita.

Kampala hakukaa tu. Aliingia katika kundi la Nyege Nyege, lile linalofanya tamasha kubwa la muziki Uganda tangu 2015. Alifundisha vijana kutengeneza biti, kiisha mwaka 2018 akashiriki kuanzisha lebo ya sahani ambayo jina lake kila mtu wa hapa analielewa bila kutafsiriwa: Hakuna Kulala. Ile lebo imetoa kazi za vijana wa Uganda, Kenya, Congo na kwengineko, pamoja na Mkongomani mwingine, Chrisman, ambaye naye anastahili miksi yake.

Mwaka 2021 Rey Sapienz alitoa albamu Na Zala Zala pamoja na kundi linaloitwa The Congo Techno Ensemble. Ndani yake kuko ngoma za mkono, sauti za kuongea na kuimba, na mashine zinazopiga nzito kama injini ya baleniere inayopanda mto. Si tekno ya kuiga Ulaya. Ukiisikiliza vizuri unasikia jinsi ngoma moja inauliza na ingine inajibu, sawa tunavyojua kwenye sherehe za vijiji.

Sasa angalia hesabu ilivyokaa. Mtu anatoka kwetu, anachukua mapigo ya kwetu, anaipa lebo jina la Kiswahili. Halafu msikilizaji wa Berlin anamjua kuliko msikilizaji wa Kindu. Hiyo si kosa la msikilizaji wa Kindu. Ni kwamba hakuna aliyembebea ule muziki mpaka hapa.

Kwa nini hawafiki?

Sababu ya kwanza ni njia. Muziki huu unauzwa kwa intaneti na kwa sahani za plastiki zinazoagizwa kwa posta. Mtu wa Lokandu ananunua mega kidogo kidogo, kwa kuhesabu. Hawezi kuzitumia kutafuta jina ambalo hajawahi kulisikia. Atazitumia kwa WhatsApp, kujua habari za ndugu zake. Muziki mwingi unatembea kutoka flashi hadi flashi, kwa wale vijana wenye ordinatere wanaojaza nyimbo ndani ya telefone za wateja. Wao wanajaza kile kinachoombwa, na kinachoombwa ni kile kilichokwisha kusikika.

Sababu ya pili ni namna muziki wetu unavyolipwa. Kila Mkongomani anajua mabanga: msanii anataja jina la tajiri ama mkubwa ndani ya wimbo, na yule anatoa pesa. Kwa miaka mingi mabanga yamelisha bendi nzima. Lakini biti ya mashine isiyo na maneno haina fasi ya kutupia libanga. Hakuna mkubwa atakayelipa ili asitajwe. Basi huyu mtayarishaji anakosa ile pesa inayowainua wengine hapa inchini, na anaifuata Kampala, Nairobi ama Ulaya.

Sababu ya tatu ni kwamba mtayarishaji hana sura. Mwimbaji tunamjua kwa uso na kwa nguo zake. Aliyepika biti anabaki nyuma ya mlango wa studio. Hata kwa nyimbo maarufu za hapa Maniema, uliza ni nani alitengeneza muziki wake: watu watakutajia mwimbaji. Kutojulikana kwa mtayarishaji si jambo la muziki wa mashine peke yake, ni ugonjwa wa muziki wetu wote.

Na ya nne ni vita. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari. Uwanja wa ndege wa Goma ukafungwa. Kindu, iliyozoea kupokea vitu vingi kwa ndege kutoka kule, iliona bei zikipanda. Watu wanaongea juu ya sukari, sabuni na dawa, na wana haki. Lakini kwa barabara ile ile zilipita pia flashi, mikrofoni, kompyuta za mkono wa pili, na wanamuziki wenyewe. Barabara ikikatika, na muziki unakatika.

Funzo la Konono: redio iliyoshika kanda

Kuna watu watasema: miksi ya saa moja kwa redio ndogo, itabadilisha nini? Jibu liko katika historia ya Konono N°1.

Mawangu Mingiedi alikuwa mpigaji wa likembe, mtu wa mpaka wa Congo na Angola, aliyehamia Kinshasa. Katika kelele za mji, likembe haikusikika. Akaitengenezea mikrofoni kwa sumaku alizotoa kwenye vyuma vya magari ya zamani, akaiunganisha na vipaza sauti. Sauti ikatoka imekwaruza, nzito, ya ajabu. Hakusoma shule ya elektroniki. Alikuwa mbele ya watu wengi wenye studio za pesa nyingi.

Mwaka 1978 Mfaransa mmoja, Bernard Treton, aliwarekodi Kinshasa. Rekodi ile ilipigwa kwa redio ya Ufaransa, kiisha ikatoka kwenye sahani ya Ocora, lebo ya Radio France, katika miaka ya 1980. Mbelgiji Vincent Kenis aliisikia kwa redio. Akawatafuta miaka na miaka, akafika Kinshasa bila kuwapata, mpaka karibu mwaka 2000 akawakuta. Kutoka hapo ikatoka albamu Congotronics, na Konono wakatembea dunia nzima. Mwaka 2010 walisikika kwenye albamu ya Mmarekani Herbie Hancock, The Imagine Project. Mingiedi alifariki mwaka 2015, akiwa mzee na jina lake likijulikana.

Tufikiri pole pole juu ya hiyo hadithi. Kilichomtoa Mingiedi gizani ni kipindi cha redio, kilichosikiwa na mtu mmoja aliyekuwa makini. Na tena: ile kanda ilihifadhiwa Paris. Kama ingeachiwa Kinshasa ya miaka ile, bila baridi, bila umeme wa kudumu, na uporaji wa 1991 na 1993, nani anaweza kuapa kwamba ingekuwepo leo?

Swali kwetu ni hili: kwa nini mtu wa kutushikia kanda awe kila mara mgeni?

Mfano wa pili ni Dar es Salaam. Singeli ulianzia kwenye sherehe za mtaani, kwa biti za haraka zinazopita mapigo 200 kwa dakika. Wenye heshima waliuita kelele za wahuni. Redio za kule zikaanza kuupiga, ukatoka mtaani ukaingia kwenye mikutano mikubwa. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes wakakusanya kazi za studio ya Sisso kwenye sahani moja, Sounds of Sisso, na Ulaya ikausikia. Angalia mpangilio: mtaa kwanza, redio ya nyumbani, kiisha wageni. Kwetu mashariki tumeruka ngazi ya katikati.

Namna ya kuipika miksi kwa redio ndogo

Kupanga nyimbo ishirini moja nyuma ya ingine, huko si kuheshimu kazi ya mtu. Miksi nzuri inaonyesha safari: alianzia wapi, aligeuka wapi, anaenda wapi. Kwa saa moja, nyimbo kumi hadi kumi na mbili zinatosha. Anayechagua ajiulize kwa kila wimbo: huu unasema nini ambacho ule mwingine haukusema? Kama hakuna jibu, atoe.

Kuko jambo moja la ufundi ambalo ma-DJ wa klabu hawalifikirii, lakini sisi tunalazimika. Muziki huu mara nyingi umetengenezwa kwa vipaza sauti vikubwa. Nguvu yake iko chini kabisa, kwenye besi. Redio ndogo ya mama anayeuza samaki sokoni ina kipaza sauti kidogo kuliko kiganja. Besi ya chini haitoki pale kabisa. Ukimpigia wimbo ambao mwili wake wote ni besi, yeye atasikia tiki-tiki tu, na atageuza kisukuma cha redio. Si kwamba haelewi muziki: nusu ya muziki haikumfikia. Basi kwa redio, chagua kwanza nyimbo ambazo mapigo yake yako katikati: ngoma za mkono, likembe, sauti ya mtu, chuma kinachogongwa. Kabla ya kuirusha, isikilize miksi kwa telefone ya bei ndogo. Kama pale inachezeka, fasi zote itachezeka.

Jambo la pili ni mwendo. Usimtoe msikilizaji kwenye rumba ukamtupa ghafula kwenye mapigo 200. Lakini wimbo wa mapigo 100 kwa dakika unaungana vizuri na wa mapigo 200, juu pigo moja la ule wa kwanza linabeba mawili ya ule wa pili. Mguu unabaki na mwendo ule ule, mikono njo inakimbia. Wapiga ngoma wetu wanaijua hiyo hesabu bila kuandika.

Jambo la tatu ni sauti ya mtangazaji. Kwa klabu, DJ ananyamaza. Kwa redio, akinyamaza saa nzima, mtu aliyefungua katikati hatajua anasikiliza nini, na kazi yote ya kumtambulisha mtayarishaji imepotea. Kila nyimbo mbili ama tatu, itajwe: jina la mtayarishaji, jina la wimbo, mwaka, na neno moja la kumsaidia msikilizaji. Kwa mfano, sikilizeni ile ngoma inayoingia mkono wa kushoto. Sekunde ishirini zinatosha.

La mwisho ni kuhifadhi. Miksi ya saa moja, ikiwekwa kwa MP3 ya kiwango cha kawaida cha 128, inachukua karibu mega 58, na inaweza kutembea kwa flashi na WhatsApp. Lakini ile kopi ya kuweka ikae kwa ubora kamili, WAV, karibu mega 600 na kidogo. Flashi ya giga 32 inabeba karibu saa 50 za namna hiyo. Redio iwe na kopi mbili, fasi mbili mbali mbali, na karatasi inayosema ndani kuna nini. Moto, mvua na wezi hawaangalii fasi mbili kwa siku moja.

Ruhusa, jina na pesa

Wengine wanafikiri muziki wa mashine hauna mwenyewe. Unaye. Sheria-amri n° 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda haki za watunzi katika inchi yetu, na haihesabu kama umetunga kwa gitaa ama kwa ordinatere. SOCODA, iliyochukua fasi ya SONECA tangu 2011, njo inapaswa kukusanya haki za watunzi na kuwagawia. Kila msanii wa majimboni ana malalamiko yake juu ya namna pesa inavyogawiwa, na makala hii haitamaliza huo mjadala.

Lakini kuna haki moja isiyoomba hata faranga moja: jina. Kutajwa kama mwenye kazi ni haki ya mtunzi, na redio inaweza kuitimiza leo hii, bila kungoja Kinshasa. Tena, watayarishaji wengi wa namna hii wanajibu ujumbe wao wenyewe, au lebo zao zinajibu. Kuwaandikia na kuomba ruhusa ni adabu, na mara nyingi kunaleta zaidi ya ruhusa: wimbo ambao haujatoka, salamu ya sauti kwa wasikilizaji wa Maniema, shauri kwa kijana anayeanza.

Usikate jina lake ukaweka la redio yako juu ya wimbo wake kila dakika. Kumtangaza mtu ni kazi moja, kumfunika ni kazi ingine.

Je, huu ni wakati wake?

Wazo linalopinga ni zito, na halifai kupuuzwa. Watu wamehama makwao, pesa hakuna, mafuta ya jenereta ya redio yenyewe ni mchango. Saa moja ya muziki wa mashine ni saa moja iliyotolewa kwa habari za usalama, za afya, za bei. Mwenye kusema hivyo hakosi akili.

Jibu letu lina sehemu mbili. Kwanza, redio zetu tayari zinapiga muziki saa nyingi kwa siku. Hakuna anayeomba kuondoa kipindi cha afya. Tunaomba saa moja kwa mwezi kati ya zile ambazo tayari ni za muziki. Pili, vita inaua watu na pia inatawanya kazi zao. Mwanamuziki anakimbilia Kampala, Bujumbura ama Nairobi, ordinatere yake inaporwa, nyimbo zake zinabaki kwenye telefone ya rafiki ambaye naye amekimbia. Baada ya miaka kumi, nani ataonyesha kwamba vijana wa mashariki walitengeneza kitu kipya katika miaka hii, si kulia peke yake? Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Congo katika urithi usioshikika wa wanadamu. Iliwezekana juu ya sahani, kanda na vitabu vilivyobaki. Kile kisichohifadhiwa hakiwezi kuandikwa fasi yoyote.

Lokandu ina nini ya kuleta?

Lokandu iko kwenye njia ya sauti tangu zamani. Wazee waliijua kama Riba-Riba, kituo cha wafanyabiashara wa Kiswahili kwenye Lualaba, na lugha tunayoandika hapa ilishuka na mto huo huo. Kati ya Kindu na Ubundu, karibu kilometa 300, mto ni barabara. Chini zaidi, upande wa Kisangani, Walokele walituma habari kwa ngoma ya mti yenye sauti mbili, ya juu na ya chini. Mmisionari John Carrington wa Yakusu aliandika kitabu juu yake mwaka 1949. Ujumbe mrefu uliopita kutoka kijiji hadi kijiji, bila waya. Mtu anayesema mapigo bila maneno si muziki amesahau kwamba huku kwetu mapigo yaliongea.

Na leo kuko vijana, Kindu na katika vituo vya kando ya mto, wanaotengeneza biti kwenye ordinatere za zamani, usiku, wakati umeme unapatikana ama betri ya jua bado ina nguvu. Wanamuuzia mwimbaji biti kwa dola chache na jina lao linaishia pale. Kijana wa namna hiyo akisikia, kwa redio anayoijua na kwa lugha yake, kwamba mtu wa mashariki kama yeye ameanzia chini na kazi yake sasa ina jina na mwaka, anajua kwamba kazi yake inahesabika. Na akiwa na nyimbo kumi nzuri, yeye njo atakuwa miksi inayofuata.

Basi tunaomba mambo matatu kwa wasikilizaji na kwa redio wenzetu wa Maniema, Tshopo, Ituri na Kivu zote mbili. Ukimjua mtayarishaji ambaye kazi yake haijulikani, andika jina lake na majina ya nyimbo zake. Ukiwa na kazi ya zamani kwenye kanda, CD ama telefone iliyovunjika kioo, usiitupe: iletee redio iliyo karibu nawe ili itolewe kopi. Na ukisikia wimbo unaoupenda, uliza maswali mawili badala ya moja: nani anaimba, na nani ameupika?